Kutoka Pointi hadi Uwashaji wa Kielektroniki: Funzo kwa Mtafsiri wa Maandishi ya Kiufundi

Utangulizi

Tafsiri ya maandishi ya kiufundi hudai mambo mawili: umilisi wa lugha na ufahamu wa jinsi kitu kinachozungumziwa kinavyofanya kazi. Makala haya yanathibitisha dai hilo kwa kurejelea Morris Minor, gari la Uingereza lililoundwa kati ya 1948 na 1971, linapobadilishiwa mfumo wa kuwasha injini.

Mfumo wa Awali

Ndani ya distribyuta mna vipande viwili vya chuma viitwavyo pointi. Zinapogusana, umeme wa betri hupita katika koili na kujenga uga wa sumaku. Zinapoachana, uga huo huporomoka na kuzalisha maelfu ya volti, nayo rota huelekeza umeme huo kwenye plagi ili cheche iruke. Injini hii ya silinda nne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi huachana mara 6,000, yaani mara 100 kila sekunde. Si ajabu kwamba huungua na kulika. Mwanya wake, ambao hukaribia milimita 0.4, hubadilika, cheche huchelewa, petroli hupotea, na gari hukataa kuwaka asubuhi.

Mfumo Mpya

Katika uwashaji wa kielektroniki, pointi na kondensa huondolewa. Pete yenye sumaku huvishwa kwenye shafti ya distribyuta, na kando yake hufungwa kihisio kinachotambua sumaku inapopita. Kihisio hicho hutumia kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mnamo 1879. Transista ndiyo inayokata umeme wa koili. Kwa kuwa hakuna vipande vinavyogusana, hakuna mwanya wa kurekebisha. Hata hivyo, fundi hana budi kupima taimingi upya baada ya kufunga kifaa, na kuhakikisha kwamba ukinzani wa koili unakiafiki.

Tatizo la Tafsiri

Maelezo ya Kiingereza humtaka fundi atambue kwanza upande wa betri ulioungwa kwenye bodi ya gari. Kiingereza cha Uingereza huuita upande huo kwa neno lenye maana ya ardhi. Mtafsiri wa neno kwa neno ataandika "ardhi chanya", na msomaji atabaki gizani. Anayeuelewa mfumo ataandika: "upande chanya wa betri umeungwa kwenye bodi". Tofauti hii si ya mtindo tu. Morris Minor kwa miaka mingi ziliundwa zikiwa na chanya kwenye bodi, ilhali magari ya leo huunga hasi. Fundi akifunga kifaa cha hasi katika gari la chanya, kifaa kitaungua mara tu swichi itakapofunguliwa.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba maneno ya gereji kama pointi, koili, rota na plagi yamekwisha kukita mizizi katika Kiswahili, na hayahitaji kung'olewa. Kinachohitajika ni sentensi zinazoeleza utendakazi kwa usahihi. Mwanafunzi wa tafsiri atafaidika akiketi na fundi kabla ya kufungua kamusi, kwani kosa analoweza kulifuta kwa kalamu darasani huweza kumgharimu mwenye gari kifaa kizima.