NYUMBA BUBU: KUTISHA KWA VITU VICHACHE

Leo tujiulize: hofu hutoka wapi katika sinema ya nyumba yenye pepo? Wengi wetu hudhani hutoka katika fedha nyingi na mitambo ya ajabu. Mfano wangu wakataa.

Mwaka 2010 Gustavo Hernández wa Uruguay, nchi ndogo ya Amerika ya Kusini, alitoa sinema ya Kihispania iitwayo La casa muda, yaani "Nyumba Bubu". Yasemekana iligharimu kama dola 6,000 tu, ikapigwa kwa siku 4. Hakutumia kamera kubwa ya sinema, bali ya Canon ya kushika mkononi, ya namna watumiayo wapiga picha za arusi. Hata hivyo mwaka ule ule ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, na mwaka 2011 Wamarekani wakaitengeneza upya kwa Kiingereza.

Habari yake ni fupi. Binti aitwaye Laura na baba yake wafika katika nyumba kuukuu shambani ili waitengeneze, maana mwenyewe ataka kuiuza. Madirisha yamezibwa, nao wana taa za mkono tu. Usiku Laura asikia kishindo ghorofani. Baba apanda kutazama.

Basi tuchungue kazi yenyewe. Kwanza, giza: taa yaonyesha hatua chache, na sehemu iliyobaki twaijaza wenyewe kwa mambo tuyaogopayo. Pili, sauti: palipo kimya, ubao ukilia hutisha kuliko ngurumo. Tatu, kamera humfuata Laura kama kivuli. Asichokijua yeye, nasi hatukijui.

Lakini tusikubali kila tuambiwalo. Ilitangazwa kwamba sinema hii, yenye zaidi ya dakika 70, ilipigwa mfululizo bila kukatwa hata mara moja. Fanyeni hesabu. Kamera ya aina ile ilikuwa ikisimama yenyewe baada ya dakika 12 hivi. Gawanyeni 70 kwa 12, mtaona vyahitajika vipande 6 kwa uchache. Ndiyo sababu wengi waliona shaka. Picha ikijaa giza, kipande kimoja chaweza kuungwa na kingine wala jicho lisitambue. Hivyo giza lile lile linalotisha laweza pia kuficha mshono.

Kwangu mimi mshono hauharibu kazi. Tangazo ndilo lililozidi. Ufundi hauhitaji kupambwa kwa maneno.

Kila mwaka sisi wachezaji wa michezo ya kuigiza hulalamika kwamba hatuna mapazia wala taa za rangi, kisha twaahirisha mchezo. Nami nimo katika walalamikao. Tangu niione nyumba ile, nimeona haya. Chumba kimoja tunacho, taa tunayo, na giza hatulinunui. Iliyobaki ni kazi.