Mhadhiri Akisema Redioni, Sheria Inamlinda Vipi?

Tuseme mhadhiri wa uchumi amealikwa redioni kuzungumzia deni la taifa. Anaeleza kwa nini haafikiani na hesabu za Hazina. Wiki inayofuata anakuta barua mezani: ajieleze ndani ya siku 3 kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kulichafulia chuo jina. Barua kama hiyo hutia hofu, na wapo wanaoomba radhi kabla hata ya kuuliza wamekosa nini. Usikimbilie huko.

Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inautaja waziwazi uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi kuwa sehemu ya uhuru wa kujieleza. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 29 kinampa mhadhiri uhuru, mradi havunji sheria, wa kuhoji yaliyozoeleka, kuleta mawazo mapya na kutoa hata maoni yasiyopendwa, bila kuhatarisha kazi yake. Uhuru huo anao ndani ya chuo na nje yake. Kwa hiyo studio ya redio, baraza la kijiji na ukurasa wa gazeti vyote vimo.

Ulinzi huu ulilipiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi alipotiwa kizuizini mwishoni mwa 1977. Alipoachiliwa mwaka uliofuata, hakurudishiwa kazi yake. Mwaka 1982 ikawa zamu ya wengine, wakiwemo Alamin Mazrui, msomi na mshairi wa Kiswahili, na Willy Mutunga, mwalimu wa sheria ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu. Walizuiliwa bila kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Mipaka ipo, na ni vizuri iwepo. Katiba hailindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na ukimzushia mtu uongo anaweza kukudai fidia. Mhadhiri wa chuo cha umma ajue pia kwamba Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamkataza kukipigia debe chama au mgombea akiwa kazini. Kukosoa bajeti ni jambo jingine kabisa. Mimi humshauri kila msomi atangulize kusema kwamba maoni ni yake, si ya chuo. Sentensi hiyo moja huziba mwanya mkubwa.

Sasa turudi kwenye barua. Ijibu kwa maandishi kabla muda haujaisha, uitaje ibara ya 33 na kifungu cha 29, na udai uonyeshwe maneno hasa yanayolalamikiwa. Omba rekodi ya kipindi mapema. Ukiitwa mbele ya kamati ya nidhamu, Sheria ya Ajira ya 2007 inakuruhusu kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Usiende peke yako. Ukifutwa bila kusikilizwa, mlango ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Una miaka 3 ya kufungua madai, lakini kadiri unavyochelewa ndivyo mashahidi wanavyotawanyika. Na ukienda mahakamani kudai haki ya kikatiba, ibara ya 22 inasema usitozwe ada ya kufungulia kesi.

Mwanafunzi hamo katika maneno ya kifungu cha 29 yanayomlinda mhadhiri, lakini ibara ya 33 ni yake kama ilivyo ya kila mtu. Nawe unayesikiliza redio nyumbani umo: ibara hiyohiyo inakupa haki ya kutafuta na kupokea habari na mawazo. Mhadhiri wenu akinyamazishwa kwa kusema aliyoyatafiti, haki yako imeguswa pia, na ibara ya 22 inakuruhusu kwenda mahakamani kwa niaba ya umma.