Je, gasketi ya silinda hedi imeungua kweli?

SWALI: Gari langu linapunguza maji bila kuvuja chini, na juzi lilichemsha nikipanda mlima Kitonga. Fundi anataka kufungua injini. Nitahakikishaje kwanza?

JIBU: Usikubali haraka, mfuniko wa rejeta uliochoka au pampu mbovu ya maji navyo huchemsha gari.

Pima asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Rejeta ya moto haifunguliwi, itakuunguza uso. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, basi usiwashe. Utando kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake si ushahidi, hasa kwa safari fupi za mikoa ya baridi.

Oili ikiwa safi, jaza maji, acha rejeta wazi, washa. Viputo vichache vya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Visipokoma, na vikizidi unapokanyaga mafuta, gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Zima, injini ikipoa kabisa, funga mfuniko, kisha uwashe tena: hosi ya juu ikikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla haijapata moto, karibu hakika gasketi imeungua. Moshi mweupe wa asubuhi haunitishi. Unaoendelea injini ikishapata moto, huo ndio wa kuhofia.

Fundi akifungua, mdai apime kama hedi imepinda kabla ya kufunga gasketi mpya.