Mke wangu ni alto, kina kimenikataa

Shangazi,

Mimi ni mtunzi wa kwaya yetu hapa Rulenge, wilayani Ngara. Tunajiandaa kwenda kuimba Biharamulo, nami nimetunga wimbo wa kuzisifu sauti zote nne. Besi nimeipatia "wepesi", sauti ya tena nimeipatia "kunena", soprano nimeipatia "agano". Alto imenishinda. Wiki ya pili sasa natafuta neno linaloishia na "alto", silipati. Nikaamua ubeti huo niuruke. Tatizo mke wangu anaimba alto! Jana kaniwekea ndizi na maharage mezani kimya kimya, halafu akauliza: "Kwani sisi mazoezini huwa tunakuja kupiga makofi?" Nifanye nini?

Mtunzi, Rulenge

Mwanangu, kwanza muombe mkeo radhi, wimbo baadaye.

Unajitesa kutafuta neno linalofanana na "alto" nzima, wakati kina cha Kiswahili ni silabi ya mwisho tu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliziweka kanuni za vina kitabuni mwaka 1954: Sheria za Kutunga Mashairi. Wewe tafuta "-to", uone maneno yatakavyomiminika: mto, moto, wito, kito, ndoto, mvuto, mtoto, mzito.

Yaandike yote kwenye karatasi, kisha futa yasiyomhusu mwenye sauti. "Moto" futa, alto haiunguzi mtu. "Kito" kila bwana harusi ameshalitumia. "Mzito" usithubutu: besi watasema ni lao, na mkeo atajiangalia kwenye kioo.

Mimi ningebaki na "mto". Pale Rusumo watu husimama kuutazama mto Kagera unavyoporomoka. Lakini juu kidogo ya maporomoko, mto Ruvubu umeshaingia humo. Jina lake halitajwi, maji yake yananguruma. Alto si ndivyo ilivyo? Waumini wakitoka kanisani huondoka na soprano midomoni. Alto hawaikumbuki mpaka siku ikikosekana.

Jaribu hivi, mizani 8 kwa 8, "alto" ukiihesabu mapigo mawili:

Kagera ukinguruma, Ruvubu nao ni mto,
Soprano zinapovuma, chini zabebwa na alto.

Umeona kina cha kati, "-ma"? Hapo ndipo kwaya itavuta pumzi. Na kama siku nyingine neno likikukatalia kabisa mwishoni, lisogeze mwanzoni mwa mshororo, ukaribishe jingine kwenye kina. Hakuna sheria inayosema anayesifiwa lazima akae mkiani.

Mishororo miwili ya kumalizia ubeti itunge mwenyewe. Ila kabla hujampelekea mwalimu wa kwaya, msomee mkeo jikoni. Akiguna, rudi kwenye karatasi. Akisema "hebu rudia", umesamehewa.

Shangazi