SOMO LA MASIKA: SHARUBATI ZA NYUMBANI



Katika masomo yaliyopita tulizungumza habari za miche, palizi na uanikaji. Mara hii twaomba ruhusa tuingie jikoni. Pengine atatokea mwanachama akauliza, sharubati na chama cha wakulima wa karafuu zahusiana nini? Jibu la kwanza ni kwamba karafuu yetu twaiuza ulimwenguni, ilhali majumbani mwetu twaitia katika pilau na chai basi, na mgeni akija twamtuma mtoto dukani akanunue soda. Jibu la pili ni la aibu, nalo twalitoa bila ya kuficha.

Mkutano wetu mkuu uliopita uliangukia siku ya mvua kubwa, na ofisi iliwakaribisha wanachama sharubati ya ndimu. Maji tuliyateka katika kisima cha karibu, wala hatukuyachemsha. Barafu tuliinunua njiani. Mama mmoja, mtu mzima, alituuliza kama maji yale yamechemshwa. Tulimjibu kwamba ndimu ni kali, itaua kila kijidudu. Usiku ule na siku ya pili yake watu 11 waliharisha, na mzee wetu mmoja alilazwa hospitali siku 2. Amepona, alhamdulillahi, na ametusamehe. Lakini hatuoni kuwa msamaha wake watuondolea wajibu wa kueleza kosa lilikuwa wapi.

Kosa lilikuwa katika maji. Wakati wa masika maji ya mvua hupita vyooni na mazizini, kisha yakaingia visimani. Kisima kilichokuwa salama wakati wa kaskazi huenda kisiwe salama mwezi wa Aprili. Wengi wetu twakikumbuka kipindupindu kilichoingia visiwani mwetu mwaka 2015 kikaendelea mwaka 2016, na hapana haja ya kusimulia. Ukali wa ndimu hudhoofisha baadhi ya vijidudu, ila ndimu chache zilizozimuliwa katika ndoo nzima ya maji na sukari si za kutegemewa. Baridi nayo haiviui. Barafu ya maji machafu ni maji machafu yaliyoganda. Basi maji na yatokote kwa nguvu dakika nzima, si kutoa moshi tu, kisha yafunikwe yapoe katika chombo kile kile yalimochemkia. Barafu igandishwe nyumbani kwa maji hayo hayo. Asiye na friji amimine maji yake katika mtungi wa udongo uliooshwa vizuri, yatapoa ya kutosha.

Sasa tuje kwenye shira, ambayo ndiyo mama wa sharubati zote. Twaa sukari vikombe 2 na maji kikombe 1, tia motoni, koroga mpaka sukari iyeyuke, uache ichemke dakika chache. Epua. Hapo ndipo utie karafuu 8, kijiti cha mdalasini, na hiliki 3 zilizopondwa. Funika kwa dakika 20, kisha chuja. Wengi hutia karafuu tangu mwanzo wakaichemsha pamoja na sukari, na nyumba nzima ikanukia. Harufu ile inayojaa nyumba ndiyo iliyokimbia sufuriani! Mafuta ya karafuu huchukuliwa na mvuke, na kwa njia hiyo hiyo ndivyo yanavyokamuliwa katika kiwanda cha makonyo kule Wawi. Wala usiiache karafuu ndani ya shira usiku kucha. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni kitu kiitwacho yujenoli, ambacho madaktari wa meno hukitumia kutia ganzi. Mgeni wako atakunywa gilasi moja asijue tena kama anywa ukwaju au ndimu.

Na karafuu gani? Hapa tuna neno na wenzetu. Ni ada ya nyumba nyingi kuuza karafuu nzuri yote na kuweka jikoni ile iliyovunda kwa kunyeshewa majamvini. Karafuu yenye ukungu haifai kunywewa, na ni ajabu mkulima wa karafuu kumnywesha mgeni uvundo wa shamba lake mwenyewe. Weka kando kibaba kimoja cha karafuu safi kwa mwaka mzima, hutapungukiwa. Ukiwa na shaka, tupa chache katika gilasi ya maji: iliyojaa mafuta huzama au husimama wima kichwa juu, iliyokwisha nguvu hulala ubapa juu ya maji.

Kwa sharubati ya ukwaju, roweka robo kilo ya ukwaju katika vikombe 6 vya maji ya moto kwa nusu saa, uvuruge kwa mkono safi, uchuje. Katika kila vikombe 3 vya maji ya ukwaju tia kikombe 1 cha shira, onja, kisha ongeza chembe ya chumvi na tangawizi kidogo iliyotwangwa. Usiweke katika chombo cha shaba. Ukwaju huu ndio ule ule unaosafishia masinia, na uchafu unaoutoa kwenye sinia utautoa kwenye chombo chako na kuuleta tumboni. Gilasi, bakuli la udongo au sufuria ya chuma kisichoshika kutu ni salama. Mabungo yanapopatikana, fanya vivyo hivyo, ila kokwa zisipondwe maana zina uchungu.

Vijana wa mjini hupenda matunda mbalimbali yakae tabaka tabaka katika gilasi moja, nao huita kokteli. Hapana kilevi ndani yake, wala si kazi ngumu. Kilicho na sukari nyingi ni kizito, kwa hiyo kitangulie chini. Kisha mimina maji ya pesheni yasiyotiwa sukari polepole juu ya mgongo wa kijiko, nayo yatakaa juu. Lakini maziwa usiyachanganye na ukwaju wala ndimu, yatakatika.

Shira nzito ikifungwa katika chupa kavu hukaa wiki kadhaa mahali pa baridi, kwa kuwa wingi wa sukari hauvipi vijidudu nafasi. Sharubati iliyokwisha changanywa ni ya siku ile ile. Katika joto na unyevu wa masika huanza kuchacha siku ya pili, na ikishachacha si sharubati tena, ni kitu kingine ambacho sisi hatukukusudia kukifundisha. Wenye maradhi ya sukari wawekewe maji ya mchaichai na karafuu bila ya shira, tena wawekewe mapema, wasione haya kuomba.

Katika mkutano ujao ofisi itaandaa ukwaju kwa njia hii, na maji yatachemshwa hadharani, uani, kabla ya mkutano kufunguliwa. Yule mama aliyetuuliza swali tumemwomba awe msimamizi wa jiko, naye amekubali. Mwanachama mwenye ukwaju wa kuuza alete ofisini.