Vitu Vinavyostahimili Joto Kali

Mshumaa ukiwekwa karibu na moto huyeyuka, lakini chungu cha udongo hakiyeyuki. Kila kitu kina kiwango chake cha kustahimili joto.

Mkoa wa Kagera, zilimo wilaya za Ngara na Biharamulo, una historia ndefu ya uhunzi. Wahunzi wa Kihaya walitoa chuma katika mawe kwa tanuri za udongo wa kichuguu. Walivukuta hewa kupitia mabomba ya udongo wa mfinyanzi hadi joto likapita digrii 1,200 za Sentigredi. Ncha za mabomba hayo ziliyeyuka kidogo kidogo.

Siku hizi viko vitu vinavyoushinda udongo. Mchanga ukichomwa pamoja na kaboni katika joto kali sana, hupatikana kabidi ya silikoni. Hiyo hutengenezewa matofali na rafu za tanuri. Titani ikiungana na boroni hupatikana boridi ya titani, isiyoyeyuka kabla ya digrii 2,900. Hutiwa katika vyombo vya kuchemshia alumini. Lakini vitu hivi, kama chungu, vikiangushwa huvunjika.

Maswali

1. Kwa nini ncha za mabomba ya wahunzi ziliyeyuka, ilhali chungu jikoni hakiyeyuki?
2. Kabidi ya silikoni hutengenezwa kwa vitu gani?