Jawabu la Mwanasiasa

Mas-ala yetu ya leo ni haya: mwanasiasa akiulizwa neno la kazi yake, hulijibu? Twasema: mara nyingi hujibu swali jingine, si lile aliloulizwa.

Na tuchukue mfano wa mbali, asije mtu akaona kuwa twamlenga yeye. Mabao na sahani za jiwe laini ziuzwazo katika maduka ya Mombasa hutoka Tabaka, kaunti ya Kisii. Watu wa huko hulichimba jiwe hilo kwa mikono yao, wakalichonga, wakalipiga msasa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeamuru mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa watu wa mahali yachimbwapo. Basi mchongaji ana haki ya kumwuliza aombaye kura yake: "Mrabaha wa jiwe letu hukusanywa? Fungu letu ni shilingi ngapi, na liko wapi?"

Majawabu ya kukimbia ni matatu. La kwanza ni sifa: "Nyinyi ni mafundi mashuhuri." La pili ni ahadi: "Tutalishughulikia." La tatu ni lawama: "Walionitangulia ndio walioharibu." Huenda yote yakawa kweli, lakini hapana hata moja lililotaja shilingi. Aliyeuliza hesabu akapewa sifa, hakujibiwa.

Akisema mtu: "Kiongozi hawezi kujua kila hesabu," twamjibu: ni kweli. Na kusema "sijui, nitakuleteeni siku fulani" ni jawabu safi, wala si aibu. Imamu Malik, pamoja na ukubwa wa elimu yake, alijulikana kwa kusema "sijui."

Muulizaji naye ana wajibu wake. Aulizaye, "Mtatufanyia nini?" amefungua mlango wa kukimbilia. Swali na liwe na kiasi, mahali na tarehe.

Na akinyimwa jawabu, Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yampa raia haki ya kupata habari zilizoko serikalini. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari yaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na yamtaka afisa atoe uamuzi katika muda wa siku 21.

Basi kabla ya kupiga makofi, tujiulize: limetajwa lile tuliloliuliza? Ikiwa halikutajwa, tuulize tena kwa adabu; kisha tuandike.